Fomu Iliyokaa Chini ya Kiti

Mwanangu Rehema,

Shikamoo yako niliiitikia asubuhi, nikakuona ukitoka na shangazi yako Mwajuma kwenda Kariakoo kununua begi, maana lile la zamani zipu imekufa. Nyinyi wawili mkishaingia Mtaa wa Kongo hamtoki mapema. Kwa hiyo nimekaa hapa kibarazani na daftari lako la chuo, lile lililobaki kurasa nyeupe, na nataka niwe nimemaliza kabla hamjarudi. Uso kwa uso sitaweza. Nimejaribu mara tatu wiki hii, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umekula.

Mambo ya kuvaa sweta, kuficha pasipoti na kutokula usichokijua, shangazi yako ameshayasema mpaka umeyakinai. Mimi Uchina sijafika, safari yangu ndefu iliishia mpakani Tunduma. Nitakuandikia ninachokijua, na ninachokijua vizuri kuliko vyote ni makosa yangu mwenyewe.

Unakumbuka siku ya arobaini ya mama yako, wageni walipokwisha kuondoka? Wewe na shangazi yako mlikuwa uani mnaosha sufuria. Mimi nilikuwa chumbani, upande wa pili wa ukuta, na ukuta wenyewe unaujua, hata mtu akijikuna unamsikia. Ukamwambia, "Shangazi, vitumbua vya ada yangu ndivyo vilivyomuua mama. Miaka yote ile kainamia mkaa kwa ajili yangu." Shangazi yako akakwambia nyamaza, ni mipango ya Mungu. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Nilitakiwa kutoka pale pale nikakwambia si kweli. Nikavaa kiatu cha pili, nikatoka kwa mlango wa mbele, nikaenda kunywa kahawa.

Tangu siku ile umebeba mzigo ambao si wako. Ni wangu. Nikikuacha upande ndege nao, nitakuwa nimekuibia mara mbili.

Sasa nianze na lori. Wewe umelala na kuamka na sauti yake, kwa hiyo huenda hukuwahi kujiuliza kwa nini lilinguruma muda mrefu vile kila alfajiri. Lori lenye breki za upepo haliondoki mpaka matangi ya upepo yajae, na hayajai mpaka injini ingurume. Lori lisilovuja linajaa upepo kwa dakika chache, unapiga mswaki unaondoka. Langu lilikuwa na bomba linalovuja nyuma ya tangi, kwa hiyo usiku kucha upepo wote ulikuwa unakwisha, na asubuhi nilianza na sifuri. Nusu saa nzima, wakati mwingine zaidi. Na sikukaa ndani kusubiri. Nililiacha linanguruma, nikaswali, nikanywa chai, nikarudi kuangalia mshale wa upepo umefika wapi.

Ungeniuliza kwa nini sikuziba lile bomba, ningekujibu kwamba lori likilala gereji siku moja nafasi yangu ya mzigo bandarini anapewa mwingine. Hilo lilikuwa jibu langu la kila siku. Ukweli ni kwamba halikunisumbua mimi. Mimi nilikuwa mbele, kwenye hewa safi, na bomba la moshi lilikuwa nyuma, limeelekea dirisha la chumba chetu. Nyumba yetu hii ya Magomeni unajua ilivyokaa, hapo ubavuni ndipo mahali pekee lori la tani kumi linapoenea. Nikiliingiza kwa kinyumenyume, moshi unaingia dirishani. Nikiliingiza kwa mbele, asubuhi napata tabu kutoka. Nikachagua nisipate tabu mimi.

Mama yako akaanza kuziba dirisha kwa kanga. Ile ya kahawia, aliyoikunja mara nne akaibana kati ya vioo. Wewe ndiye uliyekuwa ukiifua kila Ijumaa, na siku moja ukanionyesha beseni, maji meusi tii, ukasema, "Baba, ona." Nikakwambia ni masizi ya mkaa wa mama yako. Ulikuwa umeshaanza chuo cha ufundi, mikono yako inajua mafuta ya dizeli yanavyonuka. Ukaniangalia, halafu ukayamwaga maji. Uliniamini mimi ukaacha kuiamini pua yako. Katika yote niliyokufanyia, hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu nilikuona ukifanya hivyo.

Kikohozi kilipozidi tukampeleka hospitali, sisi watatu. Daktari alikuwa kijana mpole, anaongea chini chini. Akamuuliza mama yako kama anavuta sigara, wote tukacheka kidogo. Akauliza tena, "Nyumbani kuna moshi wowote anaouvuta mara kwa mara?" Mama yako akageuza shingo kuniangalia. Alikuwa ananipa nafasi niseme mimi. Nikawahi: "Mkaa, daktari. Anachoma vitumbua." Daktari akaandika. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni umeshika faili lake, na nikaona uso wako ulivyobadilika.

Mimi si daktari, na sitakuandikia kama daktari. Inawezekana mkaa nao ulichangia, uani kwetu hapapiti upepo. Lakini sikiliza. Vitumbua aliviacha wiki ile ile. Tukamnunulia jiko la gesi. Wewe ukaanza kusuka nywele saluni Kariakoo baada ya masomo ili uendelee na chuo, hukulalamika hata siku moja. Kikohozi kikabaki pale pale. Halafu giaboksi ikafa, unakumbuka, lori likakaa gereji, mtaa wa Gerezani, wiki tatu. Katika wiki tatu zile mama yako alilala. Alilala mpaka jua linatoka, nikawa naamka mimi namwangalia, naogopa hata kugeuka nisimwamshe. Asubuhi moja akaimba akiwa anafagia. Lori likarudi, na alfajiri ya pili kikohozi nacho kikarudi. Nilikuwa nimesimama pale nje, mkono uko kwenye boneti, nikamsikia ndani akikohoa, na nikajua. Siwezi kusema sikujua. Nikapanda, nikaangalia mshale wa upepo, bado ulikuwa chini, nikakanyaga mafuta ujae haraka.

Yeye mwenyewe alijua kabla yangu. Ila mama yako hakuwa mtu wa kukuvua nguo mbele ya watu. Ndipo ukaja ule mpango wa jiji.

Nitakueleza ulivyokuwa, kwa sababu wewe uliusikia kutoka kwangu, na kutoka kwangu uliusikia umepinda. Mwenye lori la dizeli linalobeba mizigo ya bandarini alikuwa analisalimisha likatwe vyuma, naye anachangiwa sehemu kubwa ya bei ya lori la umeme. Akishalipata, anapita geti lake pale bandarini bila kupanga foleni. Na anaruhusiwa kuingia Kariakoo na Posta mchana kweupe, wakati sisi wa dizeli tunangoja giza. Mama yako alitangaziwa kwenye mkutano wa mtaa. Akaja na fomu nyumbani ameiweka ndani ya kitabu cha dua isije ikapata mikunjo. Akaijaza yote mwenyewe kwa mwandiko wake ule wa shule ya msingi, kila herufi imesimama. Jina langu, namba ya lori, namba ya injini ambayo alikuja kuniuliza nikamsomea. Akabakisha mahali pa saini yangu.

"Baba Rehema, weka saini tu hapa. Mwisho Ijumaa."

"Ngoja kwanza niwaulize wenzangu."

Wenzangu ndio wale wa kwenye foleni ya geti, unawajua. Nikawauliza tukiwa tumekaa chini ya tela tunakula ndizi. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. "Athumani, hilo si lori, hilo friji lenye matairi!" "Umeme wa Luku ukiisha Ubungo utasukuma?" "Wataliona hata halina sauti, watakuuliza wewe dereva au muuza barafu." Na mimi nikacheka nao. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu nilikuwa naogopa.

Niliogopa mambo mawili, na haya sijamwambia mtu. La kwanza, lile lori nalijua kwa masikio. Likibadilisha mlio kidogo tu, najua ni nozeli au ni mkanda. Gereji mafundi wananiita mwalimu. Kwenye umeme ningekuwa mtu wa kuuliza kijana, hii taa nyekundu maana yake nini. La pili, lilikuwa limeandikwa mbele kwa rangi nyekundu MAMA REHEMA. Nilimwandika mwaka uliozaliwa wewe. Nikaona nitawezaje kulipeleka likatwe na jina lake usoni. Nikamlinda mama yako aliye kwenye bati, na yule aliye chumbani nikamwachia moshi.

Ijumaa ikafika. Nikaondoka na fomu, mama yako akanisindikiza mpaka mlangoni akiwa ameshika kifua, anatabasamu. Sikuenda popote. Niliinua kiti cha dereva nikaiweka chini yake, kwenye boksi la spana. Jioni nikarudi nikasema, "Wamekataa. Wanasema lori letu la zamani mno." Mama yako akakaa kwenye mkeka. Akasema, "Basi." Neno hilo tu. Wewe ndiye uliyewaka moto. Ukasema jiji linawapa wenye nacho, ukasema utaenda mwenyewe mpaka ofisini, nami nikakuzuia, nikakwambia achana nao mwanangu, ndiyo nchi yetu. Nikajifanya mtu mzima mwenye subira. Ile subira uliyoisifia mbele ya watu ilikuwa uongo mtupu.

Hawakunikataa, Rehema. Hawakuwahi hata kuniona.

Kombo akapata. Kombo huyu huyu rafiki yangu, aliyekuwa na lori bovu kuliko langu. Akaja nalo siku ya kwanza, akasimama hapo barabarani, akaniita kwa kupiga honi maana bila honi nisingejua. "Kaka, panda bwana, acha maringo. Leo nakupeleka mjini mchana kama bosi." Nikapanda. Tulipita getini bandarini wale wenzangu wako kwenye foleni, hakuna aliyecheka. Tukaingia Kariakoo saa tano asubuhi tumebeba maboksi ya vyombo. Miaka yote naingia Kariakoo sikuwahi kuisikia. Nilisikia wabebaji wanatukanana kwa utani, nikasikia mama anamwita mteja, nikasikia mkasi wa fundi cherehani unakata kitambaa. Na kwenye barabara ya vumbi kulikuwa na mwanamke amekaa na beseni la ndimu, anakohoa. Kombo anaendelea kunieleza habari za betri, mimi namsikiliza yule mwanamke mpaka tukampita.

Alfajiri moja, siku chache baadaye, mama yako alikuwa amelala na dirisha wazi. Lori langu lilikuwa halijawashwa bado. Kivuli kikapita ukutani.

"Nini kimepita?"

"Lori la Kombo. Anawahi bandarini."

"Mbona sijalisikia?"

"Halina sauti lile."

Akasema, "Basi mke wa Kombo analala."

Hakusema kwa kunichoma. Alikuwa anamfurahia mwenzake. Nikatoka nje nikawasha langu.

Mwezi wa pili baada ya hapo tukamzika. Mengine unayajua, ulikuwepo, wewe ndiye uliyemfunga kidevu.

Nilidhani yameishia hapo. Halafu mpango ule ule ukatangaza nafasi za masomo kwa vijana wenye cheti cha ufundi, wakasomee Uchina kutengeneza malori ya umeme. Kombo akakuletea karatasi. Ukaitupa mezani, ukasema huli kwa mkono uliompiga baba yako. Nikakaa kimya siku nne. Nne, mwanangu, nikiangalia nafasi yako inapotea kwa sababu ya uongo wangu, na bado sikufungua mdomo. Aliyekushawishi ni Kombo. Ukaenda kwenye usaili, ukarudi unacheka, ukanisimulia ulivyowaambia wale watu usoni: "Baba yangu mlimkataa. Nitarudi niyatengeneze malori mliyomnyima." Ukasema wakaangaliana. Ukadhani ni aibu. Nafikiri mmoja wao alikwenda kulitafuta jina langu kwenye majalada na hakulikuta. Wamekupa nafasi hata hivyo. Nakuomba ukifika huko usilisimulie tena lile, watu wale hawakukukosea.

Sasa nikwambie machache, halafu niache, jua limeshafika kwenye mlango wa jirani.

Utarudi hapa fundi. Utaletewa malori na wazee kama mimi, wataingia gereji wanacheka, watayaita friji, watakuuliza mwanamke unajua nini. Usiwakasirikie haraka. Mtu anayecheka hivyo mara nyingi anaona kazi aliyoijua maisha yake yote inachukuliwa kutoka mkononi. Mketishe kwenye usukani. Mwache aguse kila kitufe, mwache aulize swali la kijinga na umjibu kama si la kijinga. Laiti mtu angenifanyia hivyo mimi. Au hapana, nisiseme hivyo, mama yako alinifanyia, nikamwambia ngoja niwaulize wenzangu.

Na pua yako iamini. Ukiona maji ni meusi na yananuka dizeli, ni dizeli, hata kama anayekwambia mkaa ni baba yako.

Wiki iliyopita nilikwenda Gerezani nikazibisha lile bomba. Sijui kwa nini, lori lenyewe sasa hivi nalilaza kwa Kombo na kazi zake ni za kuokoteza. Nilikaa kwenye kigoda nikaagiza kahawa. Fundi akaingia chini, akabadilisha kipande cha mpira kinachotosha kwenye kiganja, akatoka akisema, "Tayari, mwalimu." Kahawa yangu ilikuwa bado ya moto.

Ndani ya barua hii kuna fomu. Ndiyo ile. Imeingia doa la grisi kwenye kona, mengine yote yanasomeka. Nilikuwa na kalamu mkononi leo mchana, nikataka kuisaini, nikaona hapana. Nimeiacha vile vile alivyoiacha yeye, na mahali pangu ni patupu, uone kwa macho yako nani alifanya nini katika nyumba hii. Mama yako hakuuawa na ada yako. Vitumbua vile alivipika akiwa na furaha, alikuwa anakutaja kwa kila mteja. Usimwone tena ameinama kwenye mkaa kwa ajili yako. Ukitaka kumkasirikia mtu, mimi nipo.

Barua hii sitaiweka ndani ya begi uikute huko mbali. Hiyo ingekuwa kukukimbia tena. Nimeiweka juu ya mto wako, uisome leo, ili kesho uamue ukiwa unajua. Kombo atakuja na lori lake kukupeleka uwanja wa ndege kama ulivyotaka. Tulipanga mimi nikae katikati yenu. Nitakuwa nimevaa, nitakuwa hapa kibarazani. Ukiniambia nipande, nitapanda. Usiponiambia, nitakupandishia begi, nitabaki, na sitamuuliza mtu kwa nini.

Lala bila wasiwasi wa kupitiwa. Lori la Kombo halisikiki likifika, na langu halipo tena hapo dirishani kukuamsha. Nitakuja kugonga mlango kwa mkono.

Baba yako,
Athumani